Mimba Ina Haki, na Siku Zinahesabika



  

Ndugu zetu katika imani, somo la leo ni zito, na wako watakaosema kwamba halifai kuandikwa kwenye karatasi inayosomwa na vijana. Tumelifikiria hilo kabla ya kuandika. Lakini jambo lenyewe linatendeka humu humu Kampene, nyuma ya nyumba zetu, na wanaolitenda ni watoto wetu, mara nyingine kwa mkono wa mama zao. Somo ni juu ya kutoa mimba.

Tuanze kwa mfano. Tuseme yuko binti wa miaka 16, anasoma sekondari. Baba yake yuko kwenye machimbo ya dhahabu, harudi nyumbani ila mara moja kwa mwezi. Mama analima muhogo. Siku moja binti anatoka shamba peke yake na kitunga kichwani, anakutana na mwanaume mwenye nguvu kumshinda, au mwenye bunduki, maana hatujaisahau miaka ile ya vita tangu 1998 mpaka 2003, wala waliobaki msituni baada yake. Anakamatwa kwa nguvu. Anarudi nyumbani, anaoga, anafua nguo, anakaa kimya. Mwezi wa kwanza hedhi haikuja, anajiambia labda ni malaria. Mwezi wa pili anajua. Mwezi wa tatu rafiki yake anajua. Mwezi wa nne mama anaona. Na mwezi wa tano ndipo mtu anapiga hodi kwa imamu usiku, ananong'ona: Sheikh, kuna ruhusa yoyote?

Hakuna imamu asiyeliogopa swali hilo. Jibu lipo vitabuni, lakini limeulizwa wakati mlango uliokuwa wazi umekwisha kufungwa. Na aliyeufunga ni kimya chetu.

Hili ndilo tunalotaka ulishike leo, ndugu msomaji. Mimba ina haki mbele ya Mwenyezi Mungu, na haki hiyo inakua siku hata siku tumboni. Mwanamke naye ana haki yake. Anayenyamaza, na anayewafanya wengine wanyamaze kwa matusi na fimbo, anazila siku za wote wawili.

HAJALA, HAJANYWA, HAJALIA

Wapo wanaosema kwamba mimba ya miezi michache ni damu tu. Soma Sura Al-Muuminun aya ya 12 mpaka ya 14, na Sura Al-Hajj aya ya 5. Utaona Mola wetu anavyoeleza hatua moja moja za kuumbwa kwetu, tangu udongo na tone la maji mpaka mifupa ikavikwa nyama. Hatua hizo amezitaja kuwa kazi yake, wala hakuitaja hata moja kuwa takataka. Wewe unayesoma karatasi hii ulipita humo.

Kuua watoto kwa sababu ya ufukara kumekatazwa mara mbili, katika Sura Al-An'am aya ya 151 na Sura Al-Israa aya ya 31. Wafasiri wameona tofauti ndogo yenye maana kubwa. Aya ya kwanza inasema na mzazi ambaye umaskini umekwisha kumfika, ndiyo maana riziki ya mzazi imetajwa kwanza. Ya pili inasema na mzazi ambaye bado ana chakula lakini anaogopa umaskini wa kesho, na hapo riziki ya mtoto imetangulia. Basi yule mama anayesema leo hatuna hata muhogo wa kupika sombe, na yule baba anayesema binti yangu atakosa diploma ya serikali, kila mmoja ana aya yake.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walizika mabinti wachanga wakiwa hai. Sura At-Takwir, aya ya 8 na ya 9, inaonya kwamba siku ya Kiyama atakayeulizwa ni yule mtoto aliyezikwa: kosa lake lilikuwa nini? Fikiri juu ya swali hilo. Hakimu anamgeukia mdogo aliyenyimwa kusema, na mkubwa amesimama pembeni anasikiliza.

Sasa sikiliza kisa kilichopokewa na Abu Hurayra (R.A.), kimo katika Bukhari na Muslim. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl walipigana. Mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akamuua pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Kesi ikafika kwa Mtume (S.A.W.). Akahukumu dia ya yule mama ilipwe na jamaa wa muuaji, na juu ya mtoto wa tumboni akahukumu malipo ya peke yake, yanayoitwa ghurra, ambayo wanazuoni wameyakadiria kuwa sehemu moja ya kumi ya dia ya mama, yaani ngamia watano. Bwana mmoja wa upande uliotakiwa kulipa akasimama akabisha kwa maneno ya kupanga vina: vipi alipiwe mtu ambaye hajala, hajanywa, wala hajatoa sauti ya kulia? Mtume (S.A.W.) hakuyapenda maneno yale, akayafananisha na maneno ya makuhani. Hukumu ikabaki pale pale.

Hoja ya bwana yule haijafa. Ndiyo hoja ile ile inayosemwa leo kwa maneno ya kitaalamu kwenye mikutano mikubwa: bado si mtu, hajazaliwa, hana jina. Ilijibiwa Madina zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na iliyejibiwa nayo alikuwa mtu anayejaribu kukwepa kulipa. Tukumbuke hilo kila tukisikia maneno matamu yenye vina juu ya jambo hili.

Kisa kingine kimesimuliwa katika vitabu vya fiq'hi, na hiki kiwahusu akina baba. Umar bin Khattab (R.A.) akiwa khalifa alituma mtu amwite mwanamke mmoja mbele yake. Mwanamke alikuwa na mimba. Kwa hofu ya kuitwa na Umar, uchungu ukamshika njiani, mtoto akatoka, akafa. Umar akawauliza masahaba. Wengine wakamwambia, wewe ni kiongozi, umefanya kazi yako ya kuadabisha, huna deni. Ali (R.A.) alikuwa kimya. Alipoulizwa akasema kwamba wenzake wamekosea, na kwamba dia ya mtoto iko juu ya Umar, kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha mwanamke. Umar akakubali.

Baba unayepiga kelele uani kwamba binti yangu akija na mimba nitamkata kwa panga, ulikuwa unajua kisa hiki? Unadhani unailinda heshima ya nyumba. Binti yako amekusikia. Siku itakapomfika hatakuja kwako. Atakwenda kwa bibi wa mizizi.

MIZIZI NA VIDONGE VYA SOKONI

Hapa hatutaandika majina ya dawa wala vipimo, kusudi karatasi ya msikiti isigeuke kuwa kitabu cha mafundisho mabaya. Tutasema tu vinavyotokea. Mti ukiingizwa ndani unaweza kutoboa mfuko wa uzazi. Mizizi mingine ni sumu kwa ini na figo kabla haijafika kwenye mimba. Mabaki yakibakia ndani yanaoza, homa inapanda, damu haikatiki. Mwingine anapona lakini hazai tena maisha yake yote, na miaka kumi baadaye mume anamrudisha kwao kwa kuwa hana mtoto, na hakuna anayejua sababu isipokuwa yeye na mama yake.

Usidhani hili ni letu sisi wa vijijini peke yetu. Watafiti waliochunguza jiji la Kinshasa walikadiria kwamba mwaka 2016 mimba zaidi ya 146,000 zilitolewa humo, sawa na 56 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49. Jiji moja, mwaka mmoja.

Wanaotetea kutoa mimba wana neno moja ambalo ni la kweli, na si haki kulificha: wanawake wanakufa katika giza hili. Ndiyo, wanakufa. Wao wanasema dawa yake ni kuifungua njia. Sisi tunasema wengi wa mabinti hao hawakuwa wanataka kutoa mimba. Walikuwa wanataka baba asijue. Ukimuondolea hofu ya baba, mwalimu, jirani na imamu, wangapi kati yao wangekwenda gizani?

Na hili liwe wazi kwa kila nyumba. Binti au mke akianza kutoka damu nyingi, akishikwa na homa au maumivu makali ya tumbo, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa, mpakieni kwenye piki-piki mumpeleke hospitali saa ile ile. Maswali yatafuata baadaye. Kumwacha afe kwa kuwa amekosea ni kuua mara ya pili, na hakuna kitabu cha dini kinachomruhusu mtu kufanya hivyo.

SIKU 40, SIKU 120

Sasa turudi kwa yule aliyepiga hodi usiku.

Katika hadithi aliyoipokea Abdullah bin Mas'ud (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza vipindi vya kuumbwa kwa mtoto tumboni, kisha malaika anatumwa kumpulizia roho. Wanazuoni wengi wamehesabu vipindi hivyo kuwa siku 120. Imo hadithi nyingine katika Muslim inayotaja malaika kufika baada ya siku 42 hivi. Kwa ajili hiyo utaona vitabu vinataja siku 40 na siku 120.

Baada ya siku 120 wanazuoni wa madhehebu yote wamekubaliana: kuitoa ni kuua nafsi. Kinachobaki ni dharura moja, pale waganga waaminifu wanapothibitisha kwamba mama atakufa mimba ikibaki. Hapo linachaguliwa dhara dogo kuepuka lililo kubwa. Mama ni shina, mtoto ni tawi. Shina likianguka, tawi nalo limekwenda.

Kabla ya siku 120 wamehitilafiana, na tusiwafiche Waislamu hitilafu hiyo. Wamaliki wengi wanakataza tangu mbegu inapotulia katika mfuko wa uzazi, hata kabla ya siku 40. Wahanafi wengi wameruhusu kukiwa na udhuru. Sisi huku tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, tuliyoyapokea kwa wazee wetu wa Kasongo na Nyangwe, na Mashafii wenyewe hawakusema kauli moja. Imamu Ghazali, aliye katika madhehebu hiyo hiyo, ameandika katika Ihyaa kwamba kuzuia mimba isishike ni jambo moja na kuiharibu iliyokwisha kushika ni jambo jingine, kwa kuwa hii ya pili ni kosa juu ya kitu kilichopo. Na kosa hilo, asema, linazidi ubaya kila hatua mimba inapopanda. Chama chetu kinashika njia hiyo: asili ni katazo tangu mwanzo, na uzito unaongezeka kila siku.

Lakini aliyebakwa? Yeye kwanza hana dhambi, na hili liandikwe kwa wino mzito. Tirmidhi na Abu Dawud wamepokea habari ya mwanamke aliyeshambuliwa njiani akienda kuswali, zama za Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mtume alimwachilia aende zake bila adhabu wala lawama. Umar naye hakumwadhibu mwanamke aliyelazimishwa. Kama hao hawakumlaumu, wewe jirani unayemcheka binti wa watu kisimani umepata wapi haki hiyo?

Wakati wa vita vya Bosnia katika miaka ya 1990, wanawake wengi wa Kiislamu walibakwa makusudi na askari, na swali hili likapelekwa kwa wanazuoni wakubwa. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alijibu kwamba asili ya kutoa mimba ni katazo, ila mwanamke wa namna hiyo ana udhuru katika siku za mwanzo, na kadiri udhuru unavyokuwa mkubwa na siku zinavyokuwa chache ndivyo ruhusa inavyokuwa karibu zaidi. Akaongeza kwamba atakayeamua kumbeba mtoto huyo hana lawama, na mtoto atazaliwa katika maumbile safi kama wengine. Wapo wanazuoni wasioruhusu hata hapo. Basi mwenye shida hiyo asijifanyie fatwa mwenyewe, wala asipewe na jirani. Amwendee mwanachuoni mapema, pamoja na mganga wa hospitali.

Jambo la hesabu, maana wengi wanakosea. Siku za wanazuoni zinaanza mimba inaposhika. Wiki za hospitali zinaanza tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili nyuma. Kwa hiyo siku 40 ni kama wiki ya 8 kwenye karatasi ya mganga, na siku 120 ni kama wiki ya 19. Ukimwuliza sheikh, mwambie unahesabu kwa kalenda gani.

Na aliyepata mimba kwa zinaa ya hiari? Hapa wengi wanatazamia tuwe wakali, na katazo kweli lipo, halina mchezo. Aibu si udhuru. Lakini soma kisa cha mwanamke wa Ghamid, kimo katika Muslim. Alikuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa, akiwa na mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae. Akazaa, akaja na mtoto. Akarudishwa tena mpaka amwachishe kunyonya. Akaja tena, mtoto ameshika kipande cha mkate mkononi. Hukumu ya Mwenyezi Mungu yenyewe ilisimama miaka ikimngoja mtoto yule, ambaye baba yake hatajwi kabisa katika kisa. Na Khalid bin Walid (R.A.) alipomtukana mwanamke huyo, alikatazwa. Ikiwa hukumu ya Mola ilimngoja mtoto wa zinaa, aibu ya ukoo wako ina haraka gani?

SERIKALI IMESEMA NINI

Wako wanaokuja kwetu wakisema serikali imekwisha kuruhusu, kwa hiyo mambo yamekwisha. Tueleze yalivyo.

Kanuni ya makosa ya jinai, iliyoandikwa zama za Wabelgiji, mwaka 1940, inakataza kutoa mimba katika kifungu cha 165 na cha 166. Anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 5 mpaka 15, na mwanamke mwenyewe miaka 5 mpaka 10. Vifungu hivyo viliendelea baada ya uhuru. Kisha Umoja wa Afrika ukapitisha Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, tarehe 11 julai 2003. Kongo ikaridhia mwaka 2008, na tarehe 14 machi 2018 itifaki ikatangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Tarehe 6 aprili mwaka huo huo waraka ukatumwa kwa mahakama na kwa waendesha mashitaka wa parke ili wasiwashitaki wanawake walio katika hali zilizotajwa na kifungu cha 14: kubakwa, kushambuliwa kwa zinaa, mimba ya ndugu wa damu, na mimba inayohatarisha afya ya mama ya mwili au ya akili, au uhai wa mama au wa mtoto. Katiba ya 2006, kifungu cha 215, inaziweka itifaki za namna hiyo juu ya sheria za kawaida.

Kwa hiyo asidanganywe mtu: nje ya hali hizo, kutoa mimba bado ni kosa hata kwa serikali. Na ndani ya hali hizo, serikali imeondoa jela. Hisabu ya Akhera haiko katika gazeti lake rasmi.

Tuna mashaka mawili na kifungu kile, na tunayasema kwa adabu. Hakina hesabu ya siku hata moja, kama kwamba mimba ya wiki ya tano na ya mwezi wa saba ni kitu kimoja. Na neno la afya ya akili ni pana mno: mwenye nia njema ataona ndani yake binti aliyevunjika moyo kwa kubakwa, mwenye nia nyingine ataona kila mtu. Kenya, katika katiba yao ya 2010, kifungu cha 26, wameandika wazi kwamba uhai unaanza mimba inaposhika, kisha wakaacha mlango kwa uhai na afya ya mama. Nao wanaendelea kubishana mahakamani. Hata mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, uliohudhuriwa na mataifa karibu yote, ulikubaliana kwamba kutoa mimba kusitangazwe kuwa njia ya uzazi wa mpango. Wasomi wetu wanaopenda kusema dunia nzima imekubali wasome na hilo.

SAA 72

Tumeliacha mwisho jambo ambalo linaokoa watu wengi kuliko mabishano yote hayo, na ambalo kimya kinalizika kila siku.

Binti akibakwa, afikishwe hospitali kabla ya saa 72, yaani siku tatu. Asioge kwanza kama inawezekana, na nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe, kwa kuwa ni ushahidi. Ndani ya saa hizo kuna dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi, na saa hizo zikipita dawa hizo hazitolewi tena. Kuna dawa ya magonjwa mengine ya zinaa. Na kuna kidonge cha kuzuia mimba isishike, ambacho kinafaa zaidi kikinywewa mapema. Kinaweza kutolewa mpaka siku ya tano, lakini nguvu yake inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Hakitoi mimba iliyokwisha kushika. Masahaba walizuia mimba kwa azl zama za Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir (R.A.), na Ghazali tumemwona akiweka mpaka kati ya kuzuia na kuharibu. Basi mzazi asisite hapa kwa kudhani anafanya dhambi.

Tazama: siku tatu za kusema zingalitosha, na lile swali la mwezi wa tano lisingaliulizwa kabisa.

Na mbakaji je? Mara nyingi wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, inatolewa mbuzi na bidoni ya mafuta ya mawese, au wanasema amwoe tu, mambo yaishe. Sheria ya tarehe 20 julai 2006 imeweka kifungo cha miaka 5 mpaka 20 kwa kubaka, na kesi ya namna hiyo haimalizwi kwa faini ya maelewano. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Lakini zaidi ya sheria, ndugu yangu, umemla mbuzi huyo kwa bismillahi gani? Mtoto wako amefanywa mnyama, na bei yake imekuwa mnyama.

Kwa dada yetu ambaye amekwisha kutoa mimba zamani na anasoma hapa moyo ukimdunda: hatukukuandikia wewe kwa kukuhukumu. Mlango wa toba uko wazi, na siri yako ni baina yako na Mola wako, usimsimulie jirani. Ikiwa mimba ilikuwa imekwisha kuwa na umbo la mtu, kuna ghurra, na katika madhehebu yetu kuna kafara pia. Mwulize imamu faraghani, au mtume mama mtu mzima akuulizie bila kutaja jina.

Limebaki la mtoto anayezaliwa. Hata aliyezaliwa kwa zinaa au kwa kubakwa hana dhambi ya yeyote, kama inavyoeleza Sura Al-An'am aya ya 164 juu ya mizigo ya watu. Nasaba yake inakwenda kwa mama, anamrithi mama na mama anamrithi. Akiwa na elimu ataswalisha watu, na utasimama nyuma yake. Apewe jina zuri, achinjiwe akika na mama yake au mjomba wake kadiri ya uwezo. Aandikishwe kwa ofisa wa serikali kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa, maana muda huo ukipita inabidi kwenda mahakamani na kutafuta franka. Asiitwe majina ya vita wala ya msituni, kama tulivyosikia watoto wengine wakiitwa hapa petu. Mwenye kumwita hivyo mtoto wa mwenzake, na aache leo kabla ya swala ya Alasiri.

Wabillahi tawfiiq.

Karatasi hii imetaja aya na hadithi. Ukimaliza kusoma mpe jirani, usiitupe chini wala usifungie karanga.